Kwa Nini Mtoto Hula Kidogo Kadiri Anavyolazimishwa

Mtoto anayezaliwa na kilo 3 na ushee kwa kawaida huwa na kilo 9 au 10 anapotimiza mwaka. Ndani ya miezi 12 uzito wake umekuwa karibu mara tatu. Mwaka wa pili kasi hiyo hukatika: kwa mwaka mzima huongeza kilo 2 hadi 2 na nusu tu. Mwili unaokua polepole hudai chakula kidogo zaidi kwa kila kilo ya uzito, na hamu ya kula hushuka. Ni hali ya kawaida kabisa, lakini wazazi wengi hatukuambiwa mapema, kwa hiyo tunaiona kama ugonjwa, au deko, au ukaidi. Aliyekuwa akimaliza bakuli sasa anageuza uso kwenye kijiko cha tatu. Hapo ndipo mivutano ya mezani huanza, na nadiriki kusema kwamba mivutano hiyo huharibu ulaji wa watoto wengi kuliko chakula chenyewe.

Ushauri kuhusu kulisha watoto ni mwingi na unagongana. Mmoja atakuambia mtoto asibembelezwe, ale kilichopikwa au alale na njaa. Mwingine atakuambia umfukuzie na kijiko mpaka sahani iwe tupu. Wa tatu anapendekeza umuahidi biskuti. Kila mmoja ana mfano wa mtoto aliyelelewa hivyo na akakua. Njia ya kutoka humo ni kuelewa kwanza nini kinatokea ndani ya mtoto anapokataa chakula, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachofanya kwa nia njema huchochea kile kile tunachokikimbia.

Hofu ya chakula kigeni

Binadamu huzaliwa anapenda utamu. Mtoto mchanga akidondoshewa kitu kitamu ulimini hulegeza uso na kuanza kunyonya. Akionja kichungu hukunja uso na kufungua mdomo kukitoa. Kuna mantiki nyuma ya hili. Maziwa ya mama ni matamu, matunda yaliyoiva ni matamu, na sumu nyingi za mimea ni chungu. Ndiyo maana mboga za majani, zenye uchungu wake kidogo, hupata tabu kupokelewa, hasa na watoto ambao kwa maumbile yao ndimi zao husikia uchungu kwa ukali zaidi.

Juu ya hapo kuna kipindi, takriban kati ya miaka 2 na 6, ambapo mtoto huingiwa na hofu ya vyakula asivyovijua. Huu ndio umri anaoanza kuzurura mwenyewe na kuokota vitu, na hofu hiyo huenda ilimlinda mtoto wa zamani asile kila jani alilokutana nalo. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2007, uliohusu zaidi ya jozi 5,000 za mapacha wenye miaka 8 hadi 11, ulikadiria kwamba karibu asilimia 78 ya tofauti kati ya mtoto na mtoto katika hofu hii inatokana na urithi. Naitaja takwimu hii kwa sababu moja: mama ambaye mtoto wake wa kwanza alikula kila kitu na wa pili hagusi kitu cha kijani hakukosea popote. Watoto wake wamezaliwa tofauti.

Urithi, hata hivyo, haufungi mlango. Hofu ya chakula hupungua kwa mazoea, na mazoea huanza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu mjini Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao juu ya wajawazito na wanaonyonyesha. Baadhi ya akina mama walikunywa juisi ya karoti mara kwa mara katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito au katika miezi ya mwanzo ya kunyonyesha. Wengine walikunywa maji tu. Watoto wao walipoanza kula, wale ambao mama zao walikunywa juisi ile walikunja uso mara chache zaidi walipopewa uji wenye ladha ya karoti. Ladha ya anachokula mama hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa, hivyo mtoto anapofika mezani tayari ana vyakula anavyovifahamu.

Baada ya hapo kinachofanya kazi ni kukutana na chakula mara nyingi bila shari. Tafiti zinaonyesha kwamba mtoto mdogo anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15, pengine zaidi, kabla hajakikubali. Wazazi wengi hukata tamaa kwenye mara ya tatu au ya tano na kuhitimisha kwamba “huyu hapendi karoti.” Pengo kati ya tano na kumi na tano ndipo mboga nyingi zinapopotelea.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi kukubali kunavyokwenda. Weka kipande cha karoti iliyopikwa, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, pembeni ya chakula ambacho mtoto anakipenda, kisha usiseme kitu. Siku ya kwanza anakitazama tu. Siku nyingine anakigusa kwa ncha ya kidole na kukisukuma mpaka ukingoni mwa sahani. Siku nyingine tena anakiinua, anakinusa, anakilamba, anakunja uso. Kisha inafika siku anakiuma, anakitafuna mara mbili, na kukitema mkononi mwako. Mtu mzima anayetazama amehesabu kukataliwa mara nne. Mtoto amepiga hatua nne mbele. Ukimgombeza siku ile ya kutema, umemwadhibu kwa hatua kubwa kuliko zote alizopiga.

Mambo ni hayo hayo kwa ugumu wa chakula. Anayelishwa vilivyosagwa tu kwa muda mrefu hakosi ladha peke yake, anakosa pia mazoezi ya kutafuna. Watoto wanaocheleweshewa chakula chenye mabonge mabonge hadi baada ya miezi 10 huonekana kuwa na shida zaidi za ulaji baadaye. Kwa hiyo baada ya kuanza vyakula vya nyongeza kwenye miezi 6, ponda badala ya kusaga, kisha katakata badala ya kuponda, ukifuata uwezo wa mtoto. Tahadhari ni kwa vitu vya mviringo na vigumu, kama zabibu nzima na karanga nzima, ambavyo vinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 5. Zabibu zipasuliwe kwa urefu, karanga zisagwe. Asali isubiri mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvidhibiti.

Shinikizo, hongo na marufuku

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Mzazi anapoona mtoto hali, ana silaha tatu za haraka: kumlazimisha, kumhonga, na kumkataza vile anavyovipenda. Zote tatu zimejaribiwa na watafiti, na zote huacha madhara yanayofanana.

Kuhusu kulazimisha, kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2006 ambalo watoto wa umri wa chekechea walipewa supu. Baadhi waliambiwa kila mara wamalize supu yao, wengine waliachwa. Wale walioachwa walikula zaidi, na walitoa maneno machache sana ya kuikebehi supu. Kuhusu hongo, Leann Birch, mtafiti wa Marekani aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza ulaji wa watoto, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba watoto waliozawadiwa kwa kunywa kinywaji kipya walikipenda kidogo zaidi baadaye kuliko wenzao waliopewa kinywaji hicho hicho bila masharti. Kuhusu marufuku, yeye na mtafiti mwenzake Jennifer Fisher waliripoti mwaka 1999 kwamba chakula kilichowekwa mbele ya macho ya watoto lakini wakazuiwa kukigusa kiliwavutia zaidi: walikitaja sana, wakakiomba, na waliporuhusiwa walikikimbilia.

Mtoto anasoma kitendo chetu kuliko maneno yetu. Tukisema “maliza mboga ndipo upate biskuti,” anachosikia ni kwamba mboga ni mzigo mbaya kiasi cha kuhitaji malipo, na biskuti ni kitu cha thamani kuliko vyote mezani. Tumeshusha kile tulichotaka kukipandisha. Tukimwambia amalize sahani wakati tumbo limeshasema basi, tunamfundisha kulipuuza tumbo lake na kusikiliza sahani. Mtoto mdogo ana uwezo mzuri wa kujua ameshiba, na uwezo huo ukizimwa, kuurudisha ukubwani ni kazi ngumu.

Hongo ina upekee mmoja unaostahili kutajwa, kwa haki. Zawadi ndogo isiyo chakula, kama stika, inayotolewa kwa kuonja tu na si kwa kumaliza, imewasaidia baadhi ya watoto wagumu kuvuka kizingiti cha mara za mwanzo. Na kuhusu marufuku, simaanishi nyumba ijazwe pipi. Kisichonunuliwa hakihitaji kukatazwa. Tatizo ni kuwa nacho kabatini, kumwonyesha, halafu kukifanya kitu cha kupigania kila siku.

Nani anaamua nini

Kuna jaribio la zamani ambalo watu hulitaja kuthibitisha kwamba mtoto aachwe ale apendavyo. Katika miaka ya 1920, daktari wa watoto Clara Davis alichukua watoto waliokuwa ndio kwanza wanaachishwa ziwa, jumla 15, na kwa miezi kadhaa, wengine kwa miaka, akawaacha wajichagulie chakula. Muuguzi aliketi na kijiko mkononi bila kusogea. Mtoto alipoelekeza mkono kwenye bakuli fulani ndipo muuguzi alipochota, na mtoto alipofungua mdomo ndipo alipolishwa. Hakuruhusiwa kumsifu mtoto wala kumrekebisha. Milo ilikuwa ya ajabu: kifungua kinywa cha juisi nyingi ya machungwa na maini, au chakula cha jioni cha mayai kadhaa, ndizi na maziwa. Mtoto mmoja aliyekuja na matege aliwekewa mafuta ya ini la samaki, akayanywa kwa hiari yake kwa vipindi mpaka mifupa ilipopona, kisha akaacha kuyagusa. Hakuna watoto wawili waliokula sawa, lakini wote walikua vizuri.

Wanaolitaja jaribio hili husahau jambo ambalo Davis mwenyewe alilisisitiza: siri ilikuwa kwenye orodha. Vyakula vilikuwa 34, vyote vya asili na vimeandaliwa kwa njia rahisi. Nyama, samaki, maini, mayai, maziwa, nafaka, matunda, mboga. Sukari haikuwepo. Mtoto alikuwa huru kabisa ndani ya mipaka iliyowekwa na mtu mzima aliyejua anachokifanya.

Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter aliligeuza wazo la namna hii kuwa kanuni ya nyumbani katika miaka ya 1980, na mpaka leo sijaona mwongozo bora zaidi kwa mzazi aliyechoka. Mzazi huamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto huamua ale au asile, na ale kiasi gani. Kila upande una kazi yake na hauingilii ya mwenzake. Mtoto hapangi mlo, wala hapikiwi chakula cha pili kwa kuwa amekataa cha kwanza. Lakini pia hakuna anayemkaba na kijiko. Ili kanuni hii isiwe ukatili, kwenye kila mlo lazima kuwe na angalau kitu kimoja ambacho mtoto anakijua na anaweza kushiba nacho. Akikila hicho tu leo, sawa. Mahesabu ya lishe ya mtoto hufanywa kwa wiki, si kwa mlo mmoja.

Nusu ya kanuni hiyo inayosahaulika ni ya saa. Mtoto anayekula kidogo kidogo kutwa nzima hafiki mezani na njaa. Maziwa saa nne, biskuti saa tano, juisi saa sita kasoro, halafu saa saba tunashangaa hali. Milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, vikipishana kwa saa 2 hadi 3, na maji tu katikati, humrudishia mtoto njaa yake, na njaa hufanya kazi ambayo maneno hayawezi.

Maziwa hasa yanahitaji kuangaliwa. Ni chakula kizuri, lakini mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja anayekunywa zaidi ya nusu lita hivi kwa siku hujaza tumbo kwa kitu ambacho karibu hakina madini ya chuma. Akipungukiwa chuma hamu ya kula inashuka zaidi, naye anazidi kutaka maziwa. Watoto kadhaa wanaoitwa wachaguzi wa chakula wako ndani ya mzunguko huu, na kupunguza chupa kunaweza kuwasaidia kuliko dawa yoyote ya kuongeza hamu.

Vinywaji vitamu ni kundi la peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,200, asilimia 10 ni gramu 30. Kopo moja la soda ya kawaida la mililita 330 lina takriban gramu 35. Amevuka kikomo kabla hajala kitu. Juisi ya matunda, hata ile halisi, si mbadala wa tunda: Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2017 isitolewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, na kati ya mwaka 1 na 3 isizidi mililita 120 kwa siku.

Wanaotazamwa

Mtoto hujifunza kula kwa kutazama wengine wakila. Katika jaribio jingine la Birch, la mwaka 1980, watoto wa chekechea waliopenda mboga fulani waliketishwa na wenzao waliopenda mboga nyingine. Ndani ya siku chache walianza kuchagua mboga ya wenzao, na upendeleo huo ulidumu hata walipokuwa peke yao. Kwa hiyo mzazi anayemsimamia mtoto ale mboga huku yeye mwenyewe hana sahani anatoa somo lenye nguvu, ila si lile alilokusudia. Kaa naye, kula naye, simu na televisheni zikiwa zimezimwa, mazungumzo yawe juu ya mambo mengine. Mpe kazi za jikoni zinazolingana na umri wake: kuosha, kumenya kwa mkono, kukoroga. Mtoto aliyeosha majani ameshayagusa, na kugusa ni hatua.

Tusidanganyane pia kwamba yote yako mikononi mwa mzazi. Kampuni za vyakula hutumia vikaragosi na rangi kumfikia mtoto moja kwa moja. Chile ilianza mwaka 2016 kulazimisha alama nyeusi ya pembe nane kwenye bidhaa zenye sukari, chumvi, mafuta au nishati kupita kiasi, na ikapiga marufuku vikaragosi vya kuvutia watoto kwenye bidhaa hizo. Mzazi anayeshindana na matangazo haya peke yake anastahili sheria ya kumsaidia, si lawama.

Kuna jambo ninaloliona linaumiza watoto bila mtu kukusudia: maneno kuhusu miili yao. “Umenenepa, punguza kula.” “Mwangalie alivyokonda, utasema halishwi.” Watoto wanaosikia maneno ya namna hii nyumbani huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuingia kwenye ulaji wenye matatizo wanapobalehe. Mtoto mwenye uzito mkubwa na mwenye uzito mdogo wanahitaji meza ile ile, yenye chakula kile kile, na hakuna haja ya mmoja wao kutajwa.

Pale kanuni hizi zinapofika mwisho

Yote niliyosema yanamhusu mtoto mwenye afya, penye chakula cha kutosha. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 hawezi kuachiwa sahani na kuambiwa aamue mwenyewe. Anahitaji kulishwa na mtu anayemtazama usoni, anayemsubiri, anayemtia moyo, na anayetambua ishara zake za njaa na shibe. Akiwa mgonjwa apewe kidogo kidogo mara nyingi, na anyonyeshwe zaidi. Akipona apewe mlo wa ziada kwa siku kadhaa ili arudishe alichopoteza. Na pale chakula kinapokuwa haba, kumwacha mtoto asile kwa matumaini kwamba atafidia kesho ni hatari, maana kesho huenda hakuna cha kufidia.

Peleka mtoto kliniki kama mstari wa uzito kwenye kadi yake umelala au unashuka, kama anapaliwa au kutapika mara kwa mara anapokula, kama analia kwa maumivu, amepauka na kuchoka, au kama idadi ya vyakula anavyokubali inazidi kupungua badala ya kuongezeka na anaogopa hata kukaribia vingine. Baadhi ya watoto, wakiwemo wengi wenye usonji, husikia harufu na ugumu wa chakula kwa ukali usiovumilika, na hao wanahitaji mtaalamu, si subira ya mzazi pekee. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa sehemu ya juu ya mkono ukiwa chini ya milimita 125 ni dalili ya utapiamlo, na chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu haraka. Kipimo chake ni utepe tu, na huchukua dakika moja.